Gripu nyembamba, standadi, midisaizi au jumbo: ipi ya mkono wako, na je kweli inabadilisha mpira unakoenda?

Wakuu wa gofu, hili swali la unene wa gripu, ile sehemu ya kushikia fimbo, haliishi pale kwenye eneo la mazoezi. Mtu anapiga mipira mitatu yote inakata kulia, jirani yake anamwambia "weka gripu nyembamba, mikono itafunguka". Kesho yake mwingine anayevuta kushoto anaambiwa aweke nene. Ushauri huo sio uongo ila ni nusu ya habari, na ile nusu nyingine ndo inafanya watu wabadilishe gripu za begi zima alafu mpira unaendelea kwenda kulekule kichakani.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiyekubali abishane vizuri: unene wa gripu unachagua kwa kuangalia mkono wako na nguvu unayokamatia fimbo, huchagui kama dawa ya slaisi, yaani mpira unaopinda kulia. Mwelekeo wa mpira utaguswa, ndio, lakini unaguswa kwa kupitia kifundo cha mkono na ule ukazaji wa vidole, na ndo maana watu wawili wakiweka gripu ileile mmoja anaanza kwenda kushoto na mwingine kulia. Humu ndani naongelea mtu wa mkono wa kulia, wewe wa kushoto geuza tu.

Tofauti yenyewe ni milimita ngapi

Mafundi wanapima unene inchi 2 kutoka juu ya gripu, kama sentimita 5. Hapo standadi ya wanaume ina kipenyo cha karibu inchi 0.90, yaani milimita 23 hivi. Andasaizi, yaani ile nyembamba, inapungua chini ya milimita moja. Midisaizi inaongeza 1/16 ya inchi, ambayo ni milimita 1.6, na jumbo inaongeza 1/8, milimita 3.2. Viwanda havifanani lakini, midisaizi ya kampuni moja unaweza ukaishika ukadhani ni standadi ya nyingine, kwa hiyo usinunue kwa jina lililoandikwa kwenye pakiti, shika kwanza.

Sasa mtu akisikia milimita moja na nusu anasema hiyo ndo nini. Tatizo ni kwamba vidole vinazunguka fimbo, na ukiongeza kipenyo milimita 1.6 mzunguko wote unaongezeka milimita 5. Jumbo inaongeza sentimita nzima. Kidole ambacho ncha yake ilikuwa inagusa kiganja sasa kinaishia sentimita moja nyuma, na mkono wote lazima utafute namna mpya ya kukaa. Hapo ndo mambo yanapoanzia.

Kuna na uzito, watu wanausahau. Gripu ya standadi ya raba ni kama gramu 50, midisaizi inakuwa 60 na kitu, jumbo nyingi zinaanzia 70 kwenda juu isipokuwa zile za povu ambazo ni nyepesi. Kila gramu 4 au 5 unazoongeza huku juu zinafanya kichwa cha fimbo kionekane chepesi mkononi kwa pointi moja ya uzito wa swingi (swingi ni ule mzungusho wa kupiga), ile mizani inayoshuka D2, D1, D0. Ukitoka standadi kwenda jumbo nzito umeshuka pointi nne au zaidi bila kugusa kichwa cha fimbo. Kuna mtu anaipenda hiyo, kuna mwingine anasema hasikii kichwa kiko wapi anaanza kuharakisha swingi, na akianza kuharakisha hapo mwelekeo ushaharibika na sio unene uliofanya, ni uzito.

Kifundo kinafanya nini hapo katikati

Kwenye swingi kifundo cha mkono kina kazi tatu zinazotuhusu. Kinakunja fimbo juu kuelekea dole gumba ukiwa unapandisha, kinainama mbele au nyuma (na hii ndo inafungua au kufunga uso wa fimbo), na mkono mzima kutoka kiwiko kushuka unajigeuza ili uso urudi kwenye mstari wakati wa kugonga. Vyote vitatu vinategemea fimbo imelala wapi mkononi. Ikilala kwenye mizizi ya vidole kifundo kiko huru. Ikilala katikati ya kiganja kinakuwa kizito, jaribu hata sasa hivi na mpini wa ufagio, ushike kwa vidole ukunje juu, alafu uushike kwa kiganja ukunje tena, utaona kabisa nusu ya safari imekatika.

Gripu nene inaisukuma fimbo kwenye kiganja, hata usipotaka, kwa sababu vidole havitoshi kuizunguka. Nyembamba inakaa kwenye vidole. Kwa hiyo hesabu ya kawaida inaenda hivi: nyembamba inaleta kifundo chepesi, mikono inajigeuza haraka, uso unafunga mapema, mpira unaenda kushoto. Nene inaleta kifundo kigumu, uso unachelewa kufunga, mpira unabaki kulia. Hii ndo nadharia utaisikia duka lolote la vifaa vya gofu na kwa watu wengi inatokea kweli.

Ila subiri. Umewahi kubeba ndoo ya maji yenye mkono wa waya mwembamba? Unaibana kwa nguvu zote mpaka mkono mzima unakakamaa, ukizungushia kitambaa vidole vinalegea wenyewe. Gripu nyembamba kwa mtu mwenye mkono mkubwa inafanya vilevile, anahisi fimbo itazunguka mkononi anaikaza, misuli ya chini ya kiwiko inakaza, na kifundo kilichotakiwa kuwa huru kinakuwa kama kimefungwa gango. Matokeo yake anapiga kulia, kinyume na kitabu. Huyo huyo ukimpa midisaizi analegeza mkono, kifundo kinaachia, na mpira unaanza kwenda kushoto, anakuja juu anakwambia mlinidanganya. Hakudanganywa, ameambiwa njia moja wakati ziko mbili, na yeye iliyomshinda ni ile ya ukazaji.

Ndo maana ukiuliza watengenezaji wa fimbo wenyewe hawakubaliani, kuna wanaosema unene unabadilisha mwelekeo na kuna wanaosema ni suala la kujisikia vizuri tu mkononi. Mimi nawaelewa wote wawili.

Tuweke na namba kidogo ili tusikuze jambo. Mahali mpira unapoanzia kuelekea unaamuliwa zaidi na uso wa fimbo wakati wa kugonga, kwa draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, kama asilimia 85 na kwa fimbo za chuma kama 75, kiasi kinachobaki ni njia ya swingi. Kupinda angani kunatokana na tofauti kati ya uso na njia. Mpira ukianza na kosa la digrii moja, ukienda mita 150 umetoka pembeni mita 2.6. Digrii tatu ni karibu mita 8, hapo ushatoka grini, ile nyasi fupi yenye shimo. Kwa hiyo mabadiliko madogo ya uso yana maana. Lakini kama slaisi yako inatoka mita 40 kwenda uwanja wa jirani, hiyo sio gripu. Hiyo ni mshiko dhaifu, dole gumba la kushoto limekaa katikati au upande wa kushoto wa gripu, au swingi inakuja kutoka nje kuingia ndani, na hata uweke gripu nyembamba kama penseli utaendelea kutafuta mipira na kedi wako, yule anayekubebea fimbo.

Standadi na midisaizi, hapa ndo wengi wetu tuko

Sitapoteza muda sana kwenye ncha, wacheza gofu wengi wanaume wako kati ya standadi na midisaizi, na maamuzi magumu yako hapa.

Standadi ina faida ya hisia. Unajua kichwa kiko wapi, chipu, zile shoti fupi za kuzunguka grini, unazisikia vidoleni, na ukitaka kupinda mpira makusudi kifundo kinakutii. Hasara yake ni kwa mtu wa vidole virefu, au mtu ambaye anajijua mkono wake wa kulia unapenda kuingilia. Huyu wa pili anajulikana, anapiga vizuri kwenye mazoezi, akifika shimo lenye maji kushoto mkono wa kulia unaamka na kugeuza fimbo, mpira unaingia majini.

Midisaizi kwa huyo ni nzuri. Inatuliza mkono bila kuufunga. Pia inashikilia vizuri zaidi fimbo ikitaka kuzunguka, kwa sababu nguvu ya kuzuia mzunguko inategemea na upana wa kitu ulichoshika, milimita 1.6 juu ya 23 ni kama asilimia 7 ya ziada. Haionekani kubwa ila waliocheza viwanja vya Nairobi na Limuru wanajua ile nyasi ya kikuyu kwenye rafu, zile nyasi ndefu za pembeni, inakamata shingo ya fimbo na kufunga uso kabla mpira haujaondoka. Hapo asilimia 7 bila kuongeza ukazaji sio mbaya. Hasara ya midisaizi ni pale kwa mtu wa mkono wa kawaida ambaye tayari anapiga kulia kwa sababu hafungi uso, ukimwongezea unene umemzidishia ugonjwa, na chipu zake zinakuwa butu butu.

Ukiniuliza kwa mtu wa mkono wa kawaida ambaye hajui achague ipi, nasema standadi na tepu mbili za ziada chini yake. Mapro wengi wanakaa hapohapo, standadi iliyoongezewa tepu. Nitarudi kwenye tepu.

Nyembamba na jumbo

Andasaizi ni ya mikono midogo na basi. Wanawake wengi seti zao zinakuja nayo, na hapa kuna kitu kinaniudhi, duka linampa mama gripu nyembamba kwa sababu tu ni mwanamke bila kumpima. Kuna kina dada wana vidole virefu kuliko mimi na wanahangaika na gripu za kitoto wanakaza mpaka mabega. Na kuna wanaume wa mikono midogo wanaona aibu kuchukua ya wanawake, chukua bwana, hakuna anayesoma gripu yako. Mkono mdogo haujawahi kumzuia mtu, Jack Nicklaus aliyeshinda meja 18, yale mashindano makubwa kabisa ya gofu, ana mikono midogo na alikuwa anafunganisha kidole cha mwisho cha kulia na cha shahada cha kushoto ili fimbo ishikike.

Jumbo mfano wake mkubwa ni Bryson DeChambeau. Anatumia gripu za JumboMax, nene kuliko kawaida kabisa, fimbo inakaa kwenye viganja, kifundo hakijigeuzi sana, na fimbo zake za chuma zote zina urefu mmoja. Kashinda U.S. Open mara mbili, 2020 pale Winged Foot na 2024 pale Pinehurst. Na wale wanaosema jumbo inaua umbali wajiulize, huyu jamaa 2021 aliingia mpaka mashindano ya dunia ya wapiga mbali. Lakini tazama kwa makini, yeye hakubandika jumbo kwenye swingi ya kawaida, swingi nzima kaijenga kuzunguka hiyo gripu, mikono na fimbo viko karibu mstari mmoja toka anaposimama. Wewe ukinunua gripu yake bila swingi yake umenunua nusu, na kifundo chako ambacho kilizoea kukunja kwa vidole kitabaki kinatafuta njia.

Wengine ambao jumbo au walau midisaizi laini inawafaa ni wazee wenye baridi yabisi ya vidole na watu wenye maumivu ya kiwiko. Hao mwelekeo wa mpira ni jambo la pili, la kwanza ni kucheza bila kulia, na kitu kinene na laini kinahitaji ukazaji mdogo. Hapo sina ubishi wowote.

Kupima mkono wako, njia mbili

Ya kwanza ya zamani. Shika fimbo kwa mkono wa kushoto peke yake kama unavyoshika siku zote, geuza uangalie. Kidole cha kati na cha pete vinatakiwa ncha zake ziguse kidogo tu ile nyama iliyo chini ya dole gumba. Vikichimba ndani ya nyama gripu ni nyembamba, ukiona uwazi kati ya vidole na nyama gripu ni nene. Sekunde kumi, bure.

Ya pili ni rula. Pima kutoka mkunjo wa kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati. Chini ya sentimita 18 hivi ni andasaizi, 18 mpaka 22 standadi, 21 mpaka 23 na nusu midisaizi, zaidi ya hapo jumbo. Unaona zinaingiliana kati ya 21 na 22, na watu kibao wako hapohapo, ndo maana rula peke yake haimalizi mchezo. Saizi ya glavu nayo watu wanaitumia, mwenye glavu ya kati anapewa standadi na mwenye kubwa midisaizi, ila glavu inaangalia na upana wa kiganja, kuna mtu ana kiganja kipana na vidole vifupi, glavu inasema midisaizi vidole vinasema hapana. Sikiliza vidole.

Alafu angalia glavu yako ya zamani kabla hujaitupa. Ikiwa imetoboka sehemu ya chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho, fimbo inatembea mkononi au umeishikia kiganjani. Rekebisha mshiko kwanza ndo uje kwenye unene, ukifanya kinyume utakuwa unapima mkono uliokaa vibaya.

Tepu chini ya standadi, au midisaizi moja kwa moja?

Hapa ndo napapenda. Kila mzunguko wa tepu ya ziada chini ya gripu unaongeza 1/64 ya inchi, milimita 0.4. Mizunguko minne umefika midisaizi. Tepu ni ile ya karatasi ya mafundi rangi, juu yake unaweka tepu ya gundi pande mbili, unamwagia spiriti ya kuoshea rangi, unaisukuma gripu kabla haijakauka. Tafadhali sio petroli, nimeona watu wanafanya hivyo na sigara iko pembeni.

Faida ya tepu ni kwamba unaenda kidogo kidogo, mbili leo, ukiona bado unaongeza. Na unaweza kuweka upande wa mkono wa kulia tu. Gripu ya kawaida inakonda kadiri inavyoshuka, mkono wa chini unashika sehemu nyembamba kuliko wa juu, kwa hiyo mkono uleule wa kulia tunaoulaumu kwa kugeuza fimbo ndo umepewa sehemu rahisi kugeuza. Ukinenepesha huku chini mkono wa kulia unalegea bila wa kushoto kupoteza hisia. Golf Pride wana gripu inaitwa MCC Plus4 imetengenezwa hivyo tayari, huku chini kama imeongezewa tepu nne. Kwa mtu anayevuta kushoto kwa ajili ya mkono wa kulia, hii naiweka juu ya midisaizi kamili, na sioni kwa nini haitajwi mara nyingi zaidi. Sheria zinaruhusu, mradi gripu isiwe na uvimbe au kiuno katikati na iwe mviringo, isipokuwa ule mstari mmoja mdogo ulioinuka wa kukumbusha mikono ikae wapi, unaopita kwa chini urefu wote.

Faida ya midisaizi ya dukani ni ulaini, raba yenyewe ndo nene. Standadi iliyovutwa juu ya tepu nne inakuwa ngumu zaidi mkononi, mwenye maumivu ya vidole haitamfurahisha. Na tepu nyingi fundi asipokuwa makini inakaa na mabonde. Zaidi ya tepu nne mimi nasema acha, nunua midisaizi.

Joto la pwani

Hii wenzetu wa nchi za baridi hawaiwazi sana. Ukicheza Dar, Tanga au Mombasa saa tano asubuhi jasho linafika mpaka kiwiko, na gripu yenye utelezi inafanya uikaze hata kama unene wake ni sahihi kabisa, alafu unaenda kulaumu saizi. Gripu zenye nyuzi ndani yake zinasaidia, ingawa zinakwaruza, na kuna zile za nusu kwa nusu, nyuzi juu kwenye mkono wenye glavu na raba tupu chini. Kati ya midisaizi laini inayoteleza na standadi yenye nyuzi, kwa Dar nachukua standadi yenye nyuzi.

Na kabla ya kununua chochote osha ulizonazo. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi, zikauke kivulini. Raba iliyokauka na kung'aa inateleza na inavyolika inakonda, kwa hiyo mtu mwenye seti ya mtumba ya miaka kumi anashika kitu chembamba na chenye utelezi kwa wakati mmoja, anakaza mara mbili. Wengi wanashauri ubadilishe kila mwaka au kila raundi 40 hivi, sisi tunaenda mpaka zinapasuka.

Jaribu fimbo moja kwanza

Usibadilishe zote. Chukua chuma namba 7. Nunua ule utepe wa kuzungushia raketi ya tenisi au badmintoni, zungushia juu ya gripu yako bila kubandua kitu, umepata unene wa karibu na midisaizi kwa bei ya soda kadhaa, uzito wake ni mdogo kwa hiyo mizani haiharibiki sana. Ni kwa mazoezi tu. Piga mipira kadhaa na utepe, kadhaa bila, badilishana, na usifanye yote ya upande mmoja kwanza kwa sababu ukichoka mkono matokeo yanabadilika yenyewe.

Unachotazama sio mpira mmoja mzuri. Tazama mpira unaanzia wapi kabla haujapinda, maana hapo ndo uso unajisema. Ukiona umbo lilelile la kupinda ila mwanzo umehama, gripu imegusa uso. Ukiona hakuna kilichohama lakini mkono haujachoka na glavu haikunjiki, basi pia umeshapata jibu, chukua hiyo iliyokupumzisha. Mtu akikaa nyuma akurekodi kwa simu ni bora zaidi, kwa sababu ukijua unajaribu gripu mpya unaanza kupiga kwa adabu hata usipojijua.

Ukitoka hapo, hivi ndo ningempeleka kila mtu. Anayevuta kushoto na vidole vinachimba kiganjani, midisaizi bila kufikiria mara mbili. Anayevuta kushoto na vidole vimekaa sawa, standadi yenye tepu upande wa chini. Anayekata kulia na ana uwazi kati ya vidole na kiganja, ashuke saizi. Anayekata kulia na gripu inamtosha, aende kwa kocha, akae mbali na duka. Na yule anayekata kulia huku vidole vinachimba, huyo ndo wa kumwangalia, kila mtu atamwambia asiongeze unene na mimi nasema ajaribu kuongeza, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa ni ukazaji unaomfunga kifundo.

Kwenye grini hesabu ni nyingine

Kwenye kuputi, yaani kusukuma mpira shimoni, hatutaki kifundo kifanye kazi, kwa hiyo nene imeshinda karibu moja kwa moja. K.J. Choi alishinda AT&T National 2007 na gripu nene ya SuperStroke kwenye fimbo yake ya kuputi wakati watu walikuwa wanaicheka, na Jordan Spieth 2015 alipochukua Masters na U.S. Open alikuwa na SuperStroke pia, ile bapa kwa mbele. Gripu ya namna hiyo haikondi kushuka chini, mikono yote miwili inakaa unene mmoja, kifundo cha kulia hakipati nafasi ya kusukuma, na puti za mita moja na nusu zinaacha kutoka kushoto.

Bei yake unailipa kwenye puti ndefu. Mita 15 kupanda mlima unahitaji hisia kidogo vidoleni, na nene inaiua, unajikuta unaacha mita tatu fupi. Kwa hiyo angalia shida yako iko wapi, anayekosa za karibu aende nene, anayeputi mara tatu kwa sababu ya umbali abaki na ile nyembamba yenye umbo la mshiko wa bastola. Sheria hapa ni huru zaidi, gripu ya kuputi si lazima iwe mviringo, ila isizidi milimita 44.45 upande wowote na isiwe na sehemu iliyobonyea ndani.

Ukiagiza mtandaoni, soma mdomo wa gripu

Hili limewaponza wengi. Ndani ya mdomo wa gripu kuna maandishi kama M58 au M60, ni kipenyo cha tundu, inchi 0.58 au 0.60, na shafti yako, ule mti wa fimbo, nayo ina kipenyo chake huku juu. Ukivuta gripu ya 58 juu ya shafti ya 60 inatanuka, na standadi uliyoilipia inageuka kuwa nene kidogo bila tepu hata moja, kama umeongeza mzunguko mmoja hivi. Ukifanya kinyume, 60 juu ya shafti ya 58, inakuwa nyembamba. Seti za mtumba zimechanganyika shafti, chuma namba 5 ina hii na namba 9 ina ile, kwa hiyo pima kila moja kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, baada ya kubandua gripu ya zamani, na angalia kama mwenyewe wa kwanza aliacha tepu chini, mara nyingi anaiacha. Herufi ya mwisho ikiwa R ni ya mviringo mtupu, ikiwa na mstari wa ukumbusho itaandikwa tofauti, na mstari huo ukiwekwa umepinda hata kidogo mikono inafuata mstari, uso unafunguka au kufunga toka unaposimama. Mwambie fundi aangalie uso wa fimbo kwenye gango kabla gundi haijashika.